Ng'ombe Asiyeumwa: Udhibiti wa Salmonella kutoka Zizini hadi Jikoni

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu katika wodi ya watoto akiwa na homa ya siku sita. Mtoto hakuwa akiharisha. Kipimo kilionesha vimelea vya malaria, akatibiwa malaria, lakini homa haikushuka, na viganja vyake vilizidi kuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Damu yake ilipooteshwa maabara, majibu yalionesha bakteria wa jamii ya Salmonella. Si yule wa homa ya matumbo, bali mmoja wa ndugu zake ambao makao yao ya kawaida ni utumbo wa wanyama. Mtoto alibadilishiwa dawa, akapona. Nilipomweleza bibi kwamba bakteria hao huweza kutoka kwa ng'ombe, kupitia maziwa mabichi, nyama isiyoiva au mikono iliyogusa kinyesi, alinitazama kwa utulivu akasema, "Daktari, ng'ombe wetu hajaumwa hata siku moja."

Sikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba mtoto yule aliambukizwa na ng'ombe wa kwao, wala sikumwambia hivyo. Lakini jibu la bibi lina hoja ambayo wengi wetu tunaishi nayo, wafugaji, walaji na hata wahudumu wa afya: kwamba mnyama mwenye afya njema hawezi kuleta ugonjwa. Makala haya yanaeleza kwa nini hoja hiyo si sahihi kwa Salmonella, na ni hatua zipi, kuanzia zizini hadi kitandani kwa mgonjwa, zinazoweza kuikata njia ya bakteria huyu.

Salmonella ni nini

Bakteria mmoja wa jamii hii alitambuliwa mwaka 1885 na Theobald Smith, mtafiti aliyefanya kazi chini ya daktari wa mifugo wa Marekani, Daniel Elmer Salmon. Jina lilitokana na Salmon huyo, na halihusiani kabisa na samaki. Tangu hapo zimetambuliwa aina zaidi ya 2,500. Kwa mahitaji ya hospitali na jamii, inatosha kuzigawa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni Salmonella Typhi pamoja na aina za Paratyphi, zinazosababisha homa ya matumbo na homa zinazofanana nayo. Makao ya Salmonella Typhi ni mwili wa binadamu pekee. Homa ya matumbo hutoka kwa mtu, hupita katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu, na kumwingia mtu mwingine. Ng'ombe hana sehemu katika safari hiyo.

Kundi la pili ni aina nyingine zote, kama vile Typhimurium, Enteritidis na Dublin. Hizi huishi katika utumbo wa ng'ombe, kuku, nguruwe na wanyama wengine wengi. Aina ya Dublin imezoea zaidi mwili wa ng'ombe. Typhimurium haichagui sana. Humwingia ng'ombe, kuku, panya na binadamu.

Tofauti hii ina umuhimu kliniki. Wagonjwa wengi huambiwa kuwa wana "taifodi" kwa kutegemea kipimo cha Widal peke yake. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kwa kuwa aina mbalimbali za Salmonella zina sehemu zinazofanana katika ganda lao, kinaweza kuonesha majibu chanya kwa mtu ambaye hana homa ya matumbo. Kipimo cha kuotesha damu ndicho kinachotaja bakteria kwa jina lake.

Kwa nini ng'ombe mzima huweza kuwa chanzo

Salmonella humwingia ng'ombe kwa njia ya mdomo: chakula, maji, au kulamba sehemu yenye kinyesi. Ndama wa wiki chache huathirika zaidi. Hupata homa, huharisha, wakati mwingine kinyesi huwa na damu, na wengi hufa wasipotibiwa mapema. Ng'ombe jike aliyeambukizwa aina ya Dublin anaweza kutupa mimba. Hawa ni wanyama ambao mfugaji huona kuwa wanaumwa na huchukua hatua.

Tatizo kubwa zaidi liko kwa wale wasioonekana. Ng'ombe wengi huambukizwa bila dalili yoyote, na baadhi ya waliougua na kupona hubaki wabebaji. Mbebaji hatoi bakteria kila siku. Anaweza kukaa wiki kadhaa kinyesi chake kikiwa safi, kisha akaanza kutoa bakteria kwa wingi anapopata msukosuko: kuzaa, njaa, kiu, joto kali, au safari ndefu juu ya lori kuelekea mnadani. Kwa hiyo siku ambayo ng'ombe anafikishwa machinjioni, baada ya kusafirishwa na kulala katika banda lililosongamana wanyama kutoka vijiji tofauti, ndiyo siku ambayo hatari ya kutoa Salmonella huwa kubwa.

Hilo ndilo jibu la hoja ya bibi. Ng'ombe wake huenda hajaumwa kweli. Lakini kutoumwa na kutobeba bakteria ni mambo mawili tofauti.

Zizini: hatua za mwanzo

Mfugaji hawezi kumtambua mbebaji kwa macho, lakini anaweza kupunguza sana uwezekano wa bakteria kuingia na kusambaa. Ng'ombe aliyenunuliwa atengwe kwa angalau wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine, na asinyweshwe katika chombo kimoja nao. Ndama apewe maziwa ya kwanza ya mama yake, yaani dang'a, ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa, kwa sababu kinga yake ya mwanzo yote hutoka humo. Ndama wasichanganywe na ng'ombe wakubwa, na sehemu ya kuzalia isiwe ndiyo sehemu ya kuwekea wagonjwa. Chakula cha mifugo kihifadhiwe mbali na panya na ndege. Mnyama anayeharisha ahudumiwe mwisho, baada ya wazima, na anayemhudumia anawe mikono na kuosha viatu kabla ya kuondoka.

Ng'ombe akitupa mimba, kilichotoka kisishikwe kwa mikono mitupu. Kizikwe au kichomwe, na mtaalamu wa mifugo aarifiwe, kwani kutupa mimba ni dalili pia ya ugonjwa wa kutupa mimba unaojulikana kama brusela, ambao nao huambukiza binadamu.

Samadi inahitaji uangalifu wa pekee. Salmonella inaweza kuishi miezi kadhaa ndani ya kinyesi. Samadi mbichi haifai kumwagwa katika bustani ya mboga, hasa zile zinazoliwa bila kupikwa kama salata, matango na nyanya. Irundikwe, igeuzwe mara kwa mara na kuachwa ioze kwa miezi kadhaa, kwani joto linalozalishwa ndani ya rundo huua bakteria wengi.

Funzo la Alvesta

Iwapo mtu anaona kwamba hatua hizi ni nyingi kuliko hatari yenyewe, historia ya Uswidi inafaa kukumbukwa. Katika majira ya joto ya mwaka 1953, nyama iliyotoka katika machinjio ya mji mdogo wa Alvesta, kusini mwa nchi hiyo, ilisambaza Salmonella Typhimurium katika maeneo mengi. Watu wapatao 9,000 waliugua na takriban 90 walifariki. Nchi ilikuwa na hospitali, barabara na maji safi, lakini machinjio moja iliyochafuka, pamoja na upozaji hafifu wa nyama wakati wa joto, vilitosha kuleta msiba.

Kutokana na msiba huo, Uswidi ilianzisha mpango wa taifa wa udhibiti ambao uliwekewa sheria mwaka 1961. Msingi wake ni kwamba Salmonella ya aina yoyote ikipatikana popote, iwe katika chakula cha mifugo, zizini, machinjioni au kwa mgonjwa, ni lazima itolewe taarifa na chanzo chake kifuatiliwe. Zizi lenye maambukizi huwekwa chini ya karantini. Chakula cha mifugo cha viwandani hupitishwa katika joto la kuua bakteria. Leo, nyama inayozalishwa nchini humo hupatikana na Salmonella kwa kiwango cha chini ya asilimia 1.

Nchi zetu haziwezi kunakili kila sehemu ya mpango huo, kwani gharama zake ni kubwa. Lakini wazo lake la msingi halina gharama kubwa: Waswidi hawakumwachia mpishi peke yake kazi ya kuua bakteria. Waligawa kazi hiyo katika kila hatua, ili kosa la hatua moja lisiwe msiba kwa hatua inayofuata.

Machinjioni na buchani

Misuli ya ng'ombe mwenye afya kwa kawaida haina Salmonella. Nyama huchafuliwa wakati wa kuchinja na kuchuna. Ngozi yenye kinyesi kikavu ikigusa nyama, au utumbo ukitobolewa kwa kisu, bakteria huhamia juu ya nyama. Kwa sababu hiyo hatua chache hufanya tofauti kubwa: kupumzisha wanyama na kuwapa maji kabla ya kuchinjwa, kutochinja wanaoharisha, kuning'iniza badala ya kuchunia sakafuni, kufunga umio na njia ya haja kubwa kabla ya kutoa matumbo, kutenganisha eneo la matumbo na eneo la nyama, na kuosha visu kwa maji ya moto baada ya kila mnyama.

Ukaguzi wa nyama ni wa lazima na unaokoa maisha, lakini tuelewe mipaka yake. Mkaguzi anaona majipu, minyoo na dalili za kifua kikuu, haoni bakteria. Mhuri juu ya nyama hauondoi haja ya usafi buchani wala ya kupika.

Kutoka hapo, adui mkubwa ni muda. Katika joto linalowafaa, Salmonella huweza kujigawa mara mbili katika kila nusu saa au chini ya hapo. Bakteria 10 waliobaki juu ya kipande cha nyama asubuhi, wakijigawa kila nusu saa, hufika zaidi ya 160,000 baada ya saa saba. Ubaridi wa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi huwazuia kuongezeka, ingawa hauwaui. Hata kugandisha kwa barafu hakuwaui wote. Nyama iliyoning'inizwa buchani kutwa nzima bila jokofu ni afadhali inunuliwe asubuhi na kupikwa siku hiyohiyo.

Maziwa

Sehemu kubwa ya maziwa yanayonywewa katika Afrika Mashariki huuzwa bila kupita kiwandani. Salmonella huyaingia hasa wakati wa kukamua, kutoka katika chuchu zenye kinyesi, mikono, ndoo na maji yaliyotumika kuoshea vyombo. Kuosha na kukausha chuchu kwa kitambaa safi, kunawa mikono kwa sabuni na kutumia chombo cha chuma badala ya ndoo ya plastiki hupunguza uchafuzi huo.

Joto ndilo linalomaliza kazi. Viwandani, nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha. Nyumbani, maziwa yakichemka mara moja hadi yakaumuka yamevuka viwango hivyo. Wapo wanaoamini kwamba kugandisha maziwa huua kila kijidudu. Uchachu hupunguza bakteria lakini hautegemewi kuwaua wote. Njia salama ni kuchemsha kwanza, kupoza, kisha kutia kiasi kidogo cha mtindi safi ili maziwa yagande.

Hata hivyo kuchemsha hakulindi maziwa milele. Mwaka 1985, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, maziwa yaliyokwisha kupitishwa kwenye joto kiwandani yalisababisha mlipuko wa Salmonella Typhimurium. Zaidi ya wagonjwa 16,000 walithibitishwa na maabara. Kilichoharibika si joto, bali kilichotokea baada yake: maziwa yaliyo salama yalichafuliwa tena ndani ya kiwanda. Kosa hilohilo hutokea majumbani kila siku, pale maziwa yaliyochemshwa yanaporudishwa katika chombo kilekile yalimokuwa mabichi, kabla ya kuoshwa.

Jikoni na mezani

Nyama ipikwe hadi joto lifike nyuzi 70 katikati ya kipande. Asiye na kipimajoto aangalie kama katikati hakuna wekundu na maji yanayotoka ni meupe. Nyama ya kusaga inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu bakteria waliokuwa juu ya nyama huchanganywa hadi ndani.

Lakini baadhi ya wanaougua hawakula nyama mbichi, walikula kachumbari. Kibao kilichokatiwa nyama kinafutwa kwa kitambaa, kisha vitunguu na nyanya vinakatwa juu yake. Nyama inakwenda motoni, na bakteria wake wanakwenda mezani pamoja na kachumbari. Vivyo hivyo, sahani iliyobebea nyama mbichi hadi jikoni isitumike kupakulia iliyoiva. Anayesafisha utumbo wa ng'ombe afanye hivyo mbali na vyombo vya chakula, kisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Kwa wagonjwa na wahudumu wa afya

Kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, maambukizi huanza kati ya saa 6 na 72 baada ya kula chakula kilichochafuliwa: kuharisha, homa, tumbo kukaza, kutapika. Wengi hupona ndani ya siku 2 hadi 7. Tiba kuu ni maji na chumvi, yaani ORS, na kwa watoto madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Viuavijasumu havifupishi ugonjwa kwa wagonjwa hawa, na vinaweza kumfanya mtu aendelee kubeba bakteria kwa muda mrefu zaidi. Mgonjwa anayeondoka kliniki na pakiti za ORS bila vidonge vya antibiotiki hajapunjwa, ametibiwa vizuri.

Wapo ambao hali ni tofauti: watoto wachanga, wazee, watu wanaoishi na VVU, wagonjwa wa selimundu na wenye utapiamlo. Kwao bakteria huweza kuingia katika damu, na kwa wenye selimundu hupenda kuingia katika mifupa. Makadirio ya kimataifa kwa mwaka 2017 yalikuwa takriban wagonjwa 535,000 wa Salmonella ya kwenye damu isiyokuwa homa ya matumbo, na vifo takriban 77,500, vingi vikiwa katika Afrika kusini mwa Sahara na miongoni mwa watoto wadogo.

Mhudumu wa afya akumbuke mambo matatu. Kwanza, mtoto mwenye Salmonella katika damu mara nyingi haharishi. Huja na homa, upungufu wa damu, kupumua haraka na bandama iliyovimba, picha inayofanana sana na malaria. Pili, kipimo chanya cha malaria hakiondoi uwezekano wa Salmonella, kwa kuwa malaria yenyewe huifungulia bakteria huyu njia. Homa isiyoshuka baada ya dawa sahihi ya malaria ni sababu ya kuotesha damu, au kumpeleka mtoto mahali kipimo hicho kinapopatikana. Tatu, sampuli ya damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ila mtoto aliye mahututi asicheleweshewe dawa kwa kusubiri majibu.

Tukumbuke pia kwamba baadhi ya aina zinazosababisha ugonjwa huu barani Afrika zinaonekana kupita pia kutoka kwa mtu hadi mtu. Choo na sabuni vina nafasi yao sawasawa na usafi wa zizi.

Dawa zizini, usugu wodini

Katika miaka ya 1990, aina ya Typhimurium iitwayo DT104, iliyokuwa sugu kwa makundi matano ya dawa, ilienea katika ng'ombe wa Uingereza na kuwaambukiza watu. Bakteria haulizi kama dawa ilinunuliwa duka la mifugo au duka la binadamu. Mfugaji anayemdunga kila ndama oksitetrasaiklini "kwa kinga", au anayekatisha dozi mnyama akianza kula, anawalea bakteria ambao kesho hawatasikia dawa wodini. Antibiotiki zitumike kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, dozi ikamilike, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ziheshimiwe kabla ya kuuza maziwa au nyama. Kuchemsha kunaua bakteria, lakini hakuondoi mabaki ya dawa.

Tulipomruhusu mtoto yule kurudi nyumbani, bibi aliuliza kama amuuze ng'ombe. Nilimjibu kwamba hapana. Mtoto aliyetoka katika upungufu wa damu anayahitaji maziwa. Tulikubaliana mambo manne: maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa, yawekwe katika chombo ambacho hakijawahi kuwa na maziwa mabichi, anayekamua anawe kwa sabuni kabla na baada, na zizi lihamishwe mbali na mahali mtoto anapotambaa. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Kumbe ng'ombe hana kosa." Ni kweli. Kazi ya kumzuia bakteria ni yetu, na kila mmoja anayeshika maziwa au nyama hiyo ana sehemu yake.